Kikiko Kimo

Sitini na nne kwa mia si haba kwa mwanafunzi wa miaka hamsini na mmoja. Ndivyo Mwalimu Silabi alivyojiambia wakati wa mapumziko ya saa nne, alipofungua barua pepe ya chuo kwa kidole chenye vumbi la chaki, akaiona namba kabla ya kuyaona maneno. Hakusoma zaidi. Mtu aliyekesha miaka ishirini na saba akiwahimiza watoto wasome mpaka nukta, siku hiyo alisoma namba tu, akainyanyua simu juu.

"Sitini na nne!" aliitangazia ofisi nzima ya walimu. "Mlisema ng'ombe kazeeka. Haya, maini hayo!"

Walimu wakapiga makofi. Mwalimu wa hesabu, kijana aliyeajiriwa juzijuzi tu, akaiomba simu ili naye aione namba kwa karibu, kwa sababu watu wa hesabu hawaamini namba za kuambiwa. Akaisoma, akashuka chini yake, akasoma tena. Makofi yake yakaisha kabla ya wenzake.

"Shikamoo, mwalimu," alisema, ingawa walikwisha kuamkiana asubuhi.

"Marahaba. Una nini?"

"Hizi si alama. Ni asilimia ya ulichonakili."

Jina la Silabi alipewa na watoto wa darasa la kwanza, na walimu wakalipenda zaidi ya lile la kwenye cheti. Mwaka uliopita alikuwa amejiunga na masomo ya uzamili ya ufundishaji wa kusoma na kuandika, kwa njia ya mtandao, yaliyopangwa kwa ajili ya walimu wazoefu kama yeye. Mchana alikuwa mwalimu, jioni mwanafunzi, na katikati alikuwa mpishi. Sasa chuo kilimwandikia kwamba kazi yake ya tatu, mpango wa wiki sita wa kumfundisha kusoma mtoto anayechelewa, ilipitishwa kwenye mashine ya kupima wizi wa maandishi na ikaonekana kufanana na kijitabu kimoja kilichoko mtandaoni. Afike mbele ya kamati kwa video, Jumamosi saa nne asubuhi. Akishindwa kujieleza, atafutwa masomo na mwajiri wake atajulishwa.

"Lakini huo mpango ni wangu," alisema. "Niliuandika mwenyewe, kwa mkono huu."

Mwalimu mkuu msaidizi, mama mpole aliyekuwa akimenya chungwa kwenye kona, aliinua macho. "Ndivyo wote wanavyosema, mwenzangu. Hata yule mtoto uliyeniletea muhula uliopita alisema hivyohivyo. Unakumbuka ulimjibu nini?"

Mwalimu Silabi alikumbuka. Alimwambia kwamba watu wawili wanaweza kupata jibu sahihi lilelile, lakini wawili wakikosea kosa lilelile, hapo mmoja kamwangalizia mwenzake. Ilikuwa kauli yake ya miaka yote, na watoto walikuwa wakiiigiza nyuma ya madarasa wakiwa wamefunga leso kiunoni. Kengele ikalia. Hakupata kufurahia kengele kama siku ile.

*

Mumewe alikuwa fundi redio. Siku hizi redio zenyewe zilikuwa zimebaki za wazee na wabishi, lakini aliendelea kukaa barazani na bisibisi yake kila siku, akichokonoa spika ambazo wenyewe walikwisha kuzisahau. Alipomwona mkewe akiingia getini alipunguza sauti ya taarifa ya habari iliyokuwa ikikwaruza mezani.

"Mwanafunzi! Homuweki imesahihishwa?"

"Imesahihishwa. Wanasema nimeiba."

Fundi alicheka, akamtazama usoni, akaacha kucheka. Alimwondolea kiti waya na makopo ili akae, na hilo halikuwa jambo la kila siku. Mwalimu akaeleza yote, kisha akasema dawa yake ni moja: lile daftari la jalada la buluu, aliloandikia ule mpango miaka kumi na tisa iliyopita, kwa kalamu ya wino, akaujua kwa moyo hata kazi ya chuo akaiandika bila kulifungua. Atalionyesha mbele ya kamera, mchezo uishe.

"La buluu," fundi alisema polepole.

"La buluu. Nililiweka kwenye kabati lako la vyombo, juu, lisilowe."

Kimya kilichofuata kilimjulisha kila kitu. Baada ya miaka ishirini na minane ya ndoa, mwanamke anakijua kimya cha mumewe kwa jina na kwa ukoo. Fundi aliinuka, akashusha makopo manne ya skrubu, akayamimina mezani. Kila fungu la skrubu lilikuwa limefungwa kwa karatasi ya mistari, na kwenye kila karatasi, chini ya mafuta na kutu, mwandiko wake wa duara ulikuwa ukichungulia: *ma me mi*, halafu tundu la msumari.

"Nilidhani limemaliza kazi yake," fundi alijitetea. "Mtoto si alishajua kusoma?"

"Na zile barua zetu za uchumba?"

"Zile zipo! Zile nimezibia spika kubwa, haziguswi."

Walikunjua karatasi hizo mpaka jua likaelekea kuzama, wakapata vipande kumi na moja, hakuna hata kimoja chenye tarehe. Mwalimu aliingia jikoni akachemsha chai, akamimina vikombe viwili, chake chenye sukari na cha mumewe kikavu, kwa sababu daktari alikwisha kumpigia marufuku sukari mwaka wa pili sasa. Fundi alikunywa bila kulalamikia ile aliyoiita chai ya hospitali. Hapo mwalimu akajua kwamba na yeye anaogopa.

*

Kesho yake alikwenda kukitafuta hicho kijitabu alichodaiwa kukiiba. Hakuhangaika. Duka la fotokopi lililo mkabala na shule lilikuwa nacho, rundo zima, kimebanwa pini mbili na kupewa jalada la karatasi ya njano: *Jua Kusoma kwa Wiki Sita*. Jina la mwandishi halikuwepo.

"Una mjukuu anachelewa kusoma, mama?" dada wa fotokopi alimuuliza kwa huruma. "Chukua hiki, hutajuta. Walimu wote wanachukua hiki."

"Nani kakiandika?"

"Nani ajue? Vitu kama hivi ni vya wahenga."

Mwalimu Silabi, akiwa bado hai na mkoba begani, alijikuta amewekwa miongoni mwa wahenga. Alikifungua. Maneno yalikuwa yake, mpangilio wake, hata ule utani wake wa wiki ya pili. Akakumbuka: miaka ile, kwenye semina moja ya walimu, aliliazimisha daftari kwa siku moja. Likatolewa kopi, kopi ikatolewa kopi, mpaka mmoja akapiga chapa akapandisha mtandaoni. Alisimama pale kaunta akisukumwa na hisia mbili kwa pamoja, hasira ya kuibiwa na fahari ya kuwa na kitu kinachofaa kuibiwa, na hakujua aanze na ipi.

Akafika ukurasa wa wiki ya pili, somo la herufi *k*. *Kaka. Kuku. Keki. Kikiko.* Na chini yake sentensi: *Mama ameoka keki. Kikiko kimo.*

Moyo ukampasuka. Miaka yote hiyo, kopi juu ya kopi, hakuna aliyethubutu kulifuta neno hilo.

"Kikiko ndiyo nini?" alimuuliza dada, kama mtu asiyejua.

"Kiko kidogo, mama. Cha kuvutia tumbaku. Mwalimu mmoja alinielewesha."

"Ndani ya keki?"

Dada alifikiri. "Labda ni keki ya wazee," alisema, akampa chenji. Mwalimu Silabi akaondoka na kazi yake mkononi, aliyoinunua kwa fedha taslimu.

*

Binti yake wa kwanza alikuwa karani wa mapokezi hospitalini, yule anayewaita wagonjwa kwa kipaza sauti. Sauti yake ilikuwa nyoofu, kila herufi mahali pake, hata wagonjwa wenye majina magumu walikuwa wakisema wameitwa vizuri kuliko walivyoitwa na mama zao. Kompyuta ya masomo ilikuwa yake, bando lilikuwa lake, na ni yeye aliyemfundisha mama yake kufungua faili na kulifunga. Ijumaa alipotoka kazini walikaa pamoja kwenye meza ya kulia, mama akiandika maelezo ya utetezi kwa vidole viwili.

"Mashine yako hii ina kiburi," mama alisema. "Kila neno inanipigia mstari mwekundu. Kazi ya kalamu nyekundu ni yangu."

"Haijui Kiswahili sawasawa, mama. Ipuuze."

Mama akaacha kuandika. Akatoa kijitabu cha njano mkobani, akakifungua kwenye somo la *k*, akakisukuma mbele ya bintiye. Binti akasoma. Uso wake ulirudi nyuma miaka mingi kwa mara moja.

"Neno langu linafanya nini humu?"

"Nilikuandikia wewe. Sikujua kama litatoka nje ya nyumba hii, na kwenye kazi ya chuo vidole vililiandika vyenyewe."

Ndani ya nyumba hii kijiko kilikuwa kikiko tangu binti alipokuwa mdogo na ulimi wake ukiikataa *j*. Aliikataa mpaka akafikisha miaka saba, na kusoma nako kukamkataa. Shuleni, mwalimu wake wa wakati ule alimsimamisha juu ya dawati aseme "kijiko" mara kumi, na darasa likahesabu kwa sauti kila alipokosea. Siku hiyo alirudi nyumbani akamwapisha mama yake: kikiko kisisemwe mbele ya mtu wa nje, kamwe. Mama akaapa. Ulimi ulinyooka, kusoma kukaja, lakini kiapo hakikuwekewa mwisho. Wageni walipokuja, hata baba yao alikuwa akiomba "kijiko" kwa unyenyekevu wa mtu aliyevaa viatu vya kuazima.

"Wakiniuliza kesho," mama alianza, "hili ndilo pekee ambalo—"

"Mama, tafadhali. Niko dirishani pale kila siku, watu mia mbili wananisikiliza. Nusu ya walimu wa mji huu wanatibiwa kwetu. Wakijua?"

"Basi. Sikusema kitu."

"Mama, hujakasirika?"

"Nimekasirikia mashine," mama alijibu, akarudi kwenye vidole vyake viwili. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na tarehe na saa.

*

Jumamosi alivaa gauni la mahafali ya watu wengine na, chini ya meza ambako kamera haifiki, kandambili. Fundi aliamriwa asiwashe redio, asipige nyundo, asipite nyuma ya kiti, na chai yake ajipikie. Binti alikuwa chumbani, mlango umerudishwa.

Kamati ilikuwa ya watu wawili. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyokaa ncha ya pua. Wa pili alikuwa mhadhiri wake, kijana ambaye mwalimu alikwisha kumwita "mwanangu" mara tatu darasani na kumwomba radhi mara mbili.

"Mwalimu, unasema kijitabu ni chako," mwenyekiti alisema. "Una andiko la awali?"

Mwalimu aliinua vipande kumi na moja mbele ya kamera. Mwenyekiti akasogeza uso.

"Hayo ni mafuta?"

"Ni mafuta ya mashine, mheshimiwa. Mume wangu ni fundi."

"Mwandiko unaonekana. Tarehe haionekani. Mtu anaweza kunakili kijitabu kwa mkono leo hii, akakipaka mafuta." Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu aliyekwisha kuona mengi. "Mwenzangu ana swali."

Mhadhiri alikohoa. "Mwalimu, kuna neno moja. Kwenye kijitabu kuna *kikiko*, na kwenye kazi yako kuna *kikiko*. Nimetafuta kwenye kamusi zote nilizo nazo, halipo. Na unajua inavyosemwa, wawili wakikosea kosa lilelile..."

"Mmoja kamwangalizia mwenzake," mwalimu alimalizia, kwa sauti ndogo. Mkuki aliowachoma nao wenzake miaka yote ulikuwa umemgeukia, na ulikuwa mchungu kama ulivyo kwa wengine.

"Basi tusaidie. Aliyenakili hawezi kujua maana yake. Aliyeandika anaijua. Kikiko ni nini?"

Mwalimu Silabi aliutazama mlango wa chumba. Ulikuwa umerudishwa vilevile. Akafikiria ofisi ya walimu, barua kwa mwajiri, miaka ishirini na saba ya jina zuri. Akafikiria mtoto wa miaka saba juu ya dawati.

"Ninaijua," alisema. "Ila si yangu kuisema."

"Mwalimu," mwenyekiti alisema polepole, "unaelewa jibu hilo linamaanisha nini kwenye kumbukumbu zetu?"

"Ninaelewa."

Mwenyekiti akashika kalamu. Na hapo, kutoka jikoni, ikaja sauti ambayo miaka arobaini ya kushindana na redio ilikuwa imeifunza kuvuka kuta.

"Mama watoto! Kikiko kiko wapi? Chai inapoa!"

Mwalimu alifumba macho. Kalamu ya mwenyekiti ilisimama hewani.

"Nani huyo?"

"Ni mume wangu. Naomba radhi, nilimwambia—"

"Kasema nini?"

Mlango wa chumba ulifunguka. Binti akatoka, akaenda moja kwa moja jikoni, droo ikafunguliwa kwa kishindo. Aliporudi hakwenda kwa baba yake. Alivuta kiti, akaketi karibu na mama yake, akainua kijiko cha chai mbele ya kamera mpaka kikajaa kwenye kioo.

"Hiki ndicho kikiko," alisema. Ilikuwa sauti ya kipaza sauti, nyoofu. "Mimi ndiye niliyekipa jina. Nilikuwa sijui kutamka *j*. Nilikuwa na miaka saba, wenzangu wanasoma, mimi siwezi hata jina langu. Mwalimu wangu alinisimamisha juu ya dawati. Mama akakaa mezani hapa hapa akaandika daftari zima, na katikati ya maneno ya watu akaliweka na la kwangu. Ndilo neno la kwanza nililolisoma maishani. Kama ameiba, basi ameniibia mimi, na mimi sijashtaki."

Mwalimu alikuwa analia waziwazi, puani na machoni, kama wanavyolia darasa la kwanza siku ya kwanza.

"Na ile keki?" mhadhiri aliuliza hatimaye, kwa upole.

"Ile ni kweli," binti alisema. "Alikorogea unga, akakisahau ndani. Tulikipata kwenye kipande cha baba."

Mwenyekiti alivua miwani akacheka mpaka ikambidi azime kamera kwa muda. Mhadhiri hakucheka. Alikuwa anakitazama kijiko.

"Mimi nilichelewa kusoma mpaka miaka kumi, nikajifunza kwa kijitabu hicho," alisema. "Sisi tuliambiwa kikiko ni aina ya ndege. Nilikichora, kina mkia mrefu. Marehemu bibi aliibandika picha ile ukutani."

*

Uamuzi ulikuja mchana. Mashtaka yamefutwa, ila mwanafunzi airekebishe kazi yake, aonyeshe kwamba sehemu kubwa imetoka kwenye andiko lake la awali, na maneno yasiyo ya kawaida ayaelezee kwenye tanbihi.

"Yaani nijirejee mwenyewe," mwalimu alisema. "Niandike kwamba mimi nimesema, kama nilivyosema mimi."

"Si ndivyo unavyoongea hapa nyumbani kila siku?" fundi aliuliza kutoka barazani.

Mwalimu alikumbuka deni. Akatoka, akasimama mbele yake mikono kiunoni. "Wewe! Ulijua niliapa."

"Wewe uliapa. Mimi nani aliniapisha?"

"Nilikwambia usisikike!"

"Chai ilikuwa inapoa."

Kikombe kilikuwa mezani, kati ya skrubu, kimejaa pomoni, na hakikuwa na kijiko. Mwalimu alikitazama. Chai kavu, isiyo na sukari mwaka wa pili sasa. Mtu asiyetia sukari anatafuta kijiko cha kukoroga nini? Alifungua mdomo, na fundi akainamia spika yake haraka, akaanza kukaza skrubu ambayo ilikwisha kukazwa. Mwalimu akafunga mdomo. Akakichukua kikombe, akaenda kukipasha moto.

Ndani, binti alikuwa amekwisha kufungua faili. Mama aliketi, akapasha vidole vyake viwili joto, akaanza tanbihi: *Kikiko: kijiko. Neno la binti wa mwandishi.* Alimtazama bintiye kuuliza kama itoshe hivyo. Binti akasoma mpaka nukta, akatikisa kichwa kukubali. Lakini mashine ikafanya yake: mstari mwekundu ukajipiga chini ya *kikiko*, na kisanduku kidogo kikatokea, kikishauri kwa adabu liandikwe *kijiko*.

"Unaiona?" mama alisema. "Imeanza tena. Niipuuze?"

"Hapana, lete hapa."

Binti alinyoosha mkono, akashuka mpaka palipoandikwa *Ongeza kwenye kamusi*, akabonyeza. Mstari mwekundu ukafutika.

"Haya, mama," alisema. "Kikiko kimo."